Hedfoni za Bluetooth zinaharibu sauti kwenye simu za kazi? Jua kwanza kosa liko wapi

Muziki unatoka safi, lakini mkutano ukianza sauti inakonda, na wenzako wanalalamika kwamba unasikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Kabla hujashuka Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, kununua hedfoni nyingine, fahamu kwamba mara nyingi ulizonazo ni nzima. Kosa huwa kwenye namna laptopu inavyotumia Bluetooth, kwenye msongamano wa mawimbi nyumbani, au kwenye intaneti. Dawa ya moja haiponyi lingine, kwa hiyo pima kwanza.

Fungua Sound Recorder ya Windows, chagua maiki ya hedfoni, kisha ongea dakika moja huku faili kubwa likipakuliwa kwa Wi-Fi. Zima Wi-Fi, rekodi tena. Sikiliza rekodi zote mbili kwa spika za laptopu. Zikiwa zote zimefifia bila kukatika, tatizo ni njia ya simu ya Bluetooth. Ikikatika ya kwanza tu, Wi-Fi na Bluetooth zinagongana. Zikiwa zote zinaeleweka vizuri na bado watu hawakupati, tazama intaneti.

Tuanze na hiyo njia ya simu, maana ndiyo inayosumbua wengi. Bluetooth ya kawaida hupeleka muziki kwa A2DP: stirio, kwenda hedfoni tu, bila maiki. Mara programu yoyote inapofungua maiki ya hedfoni, laptopu huhamia HFP, inayobeba sauti kwenda na kurudi lakini kwa mono. Kodeki (njia ya kubana sauti) yake ya zamani, CVSD, huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Kodeki mpya zaidi, mSBC, huchukua 16,000. Muziki huwa 44,100 au 48,000. Sampuli 8,000 haziwezi kubeba masafa ya juu ya hezi 4,000, ndiyo sababu "s" na "f" zinachanganyikana mteja anapokutajia jina au nambari ya oda.

Dawa ni kuziachia hedfoni kazi ya kusikiliza tu, na maiki itoke kwingine. Kwenye Windows 11, ingia Settings, System, Sound. Chini ya Output chagua hedfoni. Chini ya Input chagua maiki ya laptopu. Kisha rudia chaguo hilo ndani ya Zoom, Teams au Meet, kwa sababu programu hizi hukumbuka maiki zao zenyewe. Kwenye Windows 10 utaona hedfoni zimeorodheshwa mara mbili: chagua iliyoandikwa Stereo, uiepuke yenye Hands-Free, hata kama maiki unatumia nyingine. Kwenye Mac, ingia System Settings, Sound, Input.

Ikiwa sauti bado imekonda, kuna programu nyingine iliyoshikilia maiki ya hedfoni kimyakimya, mara nyingi kichupo cha kivinjari. Alama ya maiki karibu na saa ya Windows itakuonyesha.

Maiki ya laptopu ina kasoro yake: inabeba feni, kibodi, na honi za matatu kama dirisha linatazama barabara. Earphone za waya zenye maiki zinasaidia sana hapa. Zichomeke kwenye tundu la 3.5 mm, bana maiki kwenye kola kama sentimita 15 kutoka mdomoni, kisha rudisha Output kwenye Bluetooth, kwa kuwa Windows hupenda kuhamisha Output na Input zote mbili ukichomeka. Laptopu yenye matundu mawili tofauti inahitaji kigawanyi cha waya.

Sasa kugongana. Bluetooth hutumia 2,402 hadi 2,480 MHz, humo humo mwa Wi-Fi ya GHz 2.4. Kwenye ghorofa za Roysambu au Pipeline, ambapo ruta za majirani zimebanana ukuta kwa ukuta, nafasi tupu ni chache. Isitoshe, Wi-Fi na Bluetooth za laptopu kwa kawaida ziko kwenye kadi moja na huweza kugawana antena. Fungua Command Prompt, andika:

netsh wlan show interfaces

Channel ikiwa 1 hadi 13, kwa kawaida uko GHz 2.4, ikiwa 36 au zaidi, kwa kawaida uko GHz 5. Hamia GHz 5. Kuta za mawe huidhoofisha haraka, kwa hiyo kama ruta iko sebuleni nawe uko chumbani, kebo ya mtandao ni bora kuliko kuhangaika. Ondoa pia flashi na diski za USB 3 zilizo kando ya kidude cha Bluetooth, kwani hutoa kelele kwenye GHz 2.4. Zima Bluetooth ya simu yako ikiwa imeunganishwa na hedfoni hizo hizo.

Kwenye laptopu ya ex-UK (mtumba kutoka Uingereza) iliyowekewa Windows upya, usiridhike na draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyojiweka. Chukua za Bluetooth, Wi-Fi na sauti kwenye tovuti ya Dell, HP au Lenovo, ukitumia nambari iliyo chini ya mashine.

Kwa intaneti, andika ipconfig uone Default Gateway, kisha:

ping 192.168.1.1 -n 50
ping 8.8.8.8 -n 50

Badala ya 192.168.1.1 weka anwani ya ruta yako. Ruta ikijibu kwa kurukaruka, mara 3 ms, mara 200 ms, shida ni Wi-Fi yako. Ruta ikitulia lakini 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje, inapoteza pakiti, mpigie anayekuuzia intaneti. Usikimbilie kifurushi kikubwa: sauti ya Zoom inahitaji takriban kbps 60 hadi 80 tu. Kinachoiua ni kuyumba.

Ukilazimika kununua, usidanganywe na "Bluetooth 5.3" kwenye boksi, simu bado zitapita HFP, isipokuwa hedfoni na laptopu zote zina LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, na mashine kuukuu kwa kawaida haipati hiyo kwa sasisho. Kwa kazi ya simu kutwa, chukua hedfoni za waya wa USB, na umwombe muuzaji urekodi sauti yako hapo hapo kaunta kabla ya kulipa.