Kukadiria fidia ya aliyeuawa na gari Kenya: tarakimu tatu na ushahidi wake

Hesabu ya fidia ya kifo cha barabarani ni ya kuzidisha tu. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Kinachoshinda familia nyingi ni kuthibitisha tarakimu zinazoingia ndani yake, na mara nyingi ushahidi hupotea mapema, hata matanga hayajaanuliwa.

Madai husimama juu ya sheria mbili. Sura ya 32 ya Sheria za Kenya, inayohusu ajali za vifo, huwafidia wategemezi: mke au mume, wazazi na watoto. Kaka na dada hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyekuwa akiwalipia karo. Sura ya 26 hufidia mirathi yenyewe kwa maumivu ya marehemu kabla ya kukata roho na kwa umri aliopunguziwa. Wakili hudai chini ya zote mbili katika kesi moja.

Anza na karatasi. Chukua abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa taarifa ya ajali, na uhakikishe namba ya gari, tarehe na jina la kampuni ya bima vimeandikwa sawasawa. Herufi moja ikikosewa kwenye namba ya gari, unaweza kujikuta umemshtaki mtu asiyehusika. Omba rekodi za umiliki wa gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, maana anayelipa ni mmiliki, na dereva wa matatu kwa kawaida hana kitu. Weka pamoja cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya chifu inayotaja wategemezi kwa majina na umri.

Kisha nenda mahakamani ukachukue barua ya usimamizi wa mirathi, ile inayotolewa kwa ajili ya kufungua kesi tu. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Ukidai kwa niaba ya mirathi kabla ya kuwa na barua hiyo, dai ni batili tangu mwanzo, na barua ikija baadaye hailifufui. Wategemezi wanaweza kudai kwa majina yao chini ya Sura ya 32 iwapo miezi sita imepita tangu kifo na msimamizi hajashtaki, lakini njia hiyo haifungui mlango wa Sura ya 26. Muda wa kushtaki ni miaka 3. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Sasa hesabu: mapato ya mwezi × 12 × miaka × sehemu ya utegemezi.

Mapato. Kwa mwajiriwa, tumia mshahara baada ya makato ya kisheria tu: kodi, NSSF (hifadhi ya jamii), bima ya afya na tozo ya nyumba. Mkopo wa benki na akiba ya sacco havitolewi, kwa sababu ni pesa zake mwenyewe alizochagua kuzipeleka huko. Mawakili wa bima hupenda kushika tarakimu ya mwisho iliyo chini ya karatasi ya mshahara, usikubali. Kwa mama mboga, mwendesha bodaboda au fundi asiye na karatasi, tafuta taarifa za M-Pesa za mwaka mzima, daftari la chama, leseni ya kaunti, risiti za karo, na shahidi aliyefanya kazi naye. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mapato huthibitishwa kwa hati pekee, ikisema Wakenya wengi hawaweki rekodi na bado wanajipatia riziki. Lakini usiitegemee hukumu hiyo kama mto wa kulalia: shahidi anayesema “alikuwa akipata kama elfu arobaini hivi” bila chochote cha kumuunga mkono humrudisha hakimu kwenye kima cha chini cha mshahara. Hicho nacho hutegemea kazi, mahali na tarehe ya kifo. Kiwango cha Nairobi hakimfai kibarua aliyekuwa akiishi na kufanya kazi kijijini.

Miaka. Mtu wa miaka 38 ambaye angefanya kazi hadi 60 amebakiza 22, lakini mahakama haitoi yote. Hupunguza kwa sababu ya maradhi na misukosuko ya maisha, na kwa sababu pesa hulipwa kwa mkupuo. Mkulima au mfanyabiashara anaweza kuhesabiwa kupita 60, kwani hastaafishwi na mtu. Leta hukumu za watu wa umri na kazi kama yake.

Utegemezi. Hii ni sehemu ya mapato iliyokuwa ikiwaendea wategemezi. Mwenye mke na watoto kwa kawaida ni 2/3. Kijana asiyeoa aliyekuwa akiwasaidia wazazi ni 1/3. Si sheria iliyochongwa kwenye jiwe. Huamuliwa kwa ushahidi.

Chukua kibarua wa Mombasa, miaka 38, ana mke na watoto watatu, hana karatasi yoyote ya mapato, amefariki baada ya kima cha chini kupandishwa Novemba 2024 hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 193,365. Tuseme mahakama imempa miaka 20: ni 3,867,300. Theluthi mbili yake ni 2,578,200. Ona basi uzito wa ubishi wa miaka: kila mwaka mmoja wakili wa bima anaoubandua unaondoka na shilingi 128,910. Na kama angekuwa hajaoa, 1/3 ingeshusha fungu hilo hadi 1,289,100.

Ongeza 100,000 za umri aliopunguziwa, kiwango kilichozoeleka. Fidia ya maumivu hufuata muda: aliyefia papo hapo hupewa kidogo, aliyekaa hospitali siku kadhaa hupewa zaidi. Tuseme 50,000. Gharama za mazishi, tuseme 120,000, zitajwe kwenye hati ya madai na ziambatane na risiti za jeneza, gari na mochwari. Jumla ni 2,848,200. Bima wakidai fungu la Sura ya 26 likatwe lote kwa kuwa wanaonufaika ni walewale, uwajibu kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilisema hakimu hulizingatia tu, halazimiki kulitoa shilingi kwa shilingi.

Sehemu ya lawama ya marehemu hukatwa mwisho. Marehemu akibebeshwa 20%, familia hubaki na 2,278,560. Kwa hiyo tafuta mapema shahidi aliyeiona ajali.

Iarifu bima kwa maandishi kabla ya kufungua kesi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa; bila taarifa hiyo kampuni inaweza kukataa kulipa hukumu. Wajibu wake kisheria kwa mdai mmoja huishia shilingi milioni 3, na zaidi ya hapo unamfuata mmiliki. Bima wakija na hundi ya haraka na karatasi ya kusaini, piga kwanza hesabu hii. Saini hiyo inaweza kufunga madai yote, pamoja na mafungu ya watoto, ambayo hakimu angeyagawa kwa kila mmoja na kuagiza yatunzwe hadi wafikishe miaka 18.