Kulinganisha majina ya Mungu: Masingasinga na Waislamu

Kwa kikundi cha masomo cha Bukavu, iwe Kadutu au Ibanda, saa moja na nusu inatosha. Gawa ubao sehemu mbili. Kushoto andika aya 4 za Sura Al-Ikhlas ya Kurani. Kulia andika Mul Mantar, maneno yanayofungua Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga (Sikh). Soma yote kwa sauti kabla ya mtu yeyote kuanza kueleza.

Anza na umoja: *Ahad* (Mmoja) katika sura, na *Ik Onkar* (Mungu Mmoja) katika Mul Mantar. Kisha kaeni kwa muda mrefu kwenye *lam yalid wa lam yulad*, "hakuzaa wala hakuzaliwa", pamoja na *ajuni*, asiyeingia katika mzunguko wa kuzaliwa. Hapa wengi huteleza wakidhani maneno haya yana maana moja. Aya inakanusha kwamba Mungu ana mzazi au mtoto. *Ajuni* inasema hazaliwi upya, kwa watu wanaoamini kwamba roho hurudi duniani.

Kwenye majina, usilazimishe hesabu. Waislamu wana mapokeo ya majina 99. Masingasinga hawana idadi maalumu. Kitabu chao kinamwita Mungu Hari, Ram, hata Allah na Rahim, ingawa leo *Waheguru* ndilo linalosikika zaidi. Msiseme kwamba ni jina la Guru Nanak: yeye ni mwalimu aliyeanzisha dini yao, haabudiwi.

Tofauti kubwa iacheni wazi: Masingasinga husema nuru ya Mungu inakaa ndani ya kila kiumbe, wanazuoni wengi wa Kiislamu humtenga kabisa Muumba na viumbe vyake.