Kuhudumia dharura za vyuma vya meno kwa simu na video wakati wa janga: mwongozo kwa kliniki

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia, huduma za kawaida za meno zilisimamishwa katika nchi nyingi. Sababu ilieleweka. Mashine zetu za kasi na bomba la hewa na maji hurusha ukungu wa mate hewani, na daktari hufanya kazi uso kwa uso na mdomo ulio wazi. England, kwa mfano, huduma hizo zilisimama mwishoni mwa Machi, na kliniki zikaruhusiwa kufungua tena tarehe 8 Juni. Vyuma vilivyogandishwa kwenye meno havikupata likizo hiyo. Waya uliofungwa Februari uliendelea kusukuma Aprili na Mei bila jicho la mtaalamu.

Nawaandikia wenzangu tunaopanga meno, pamoja na wasaidizi wanaopokea simu za wagonjwa. Msimamo wangu ni huu: anayepiga simu kulalamika kwamba waya unamchoma shavu, mara nyingi anasaidika akiwa nyumbani. Anayenipa wasiwasi ni yule asiyepiga kabisa, kwa sababu haumwi popote, na kifaa chake kinazidi kuvuta. Tiba mtandao inayongoja simu ziingie ni nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Pitia faili kabla simu hazijaanza kuita

Wapange wagonjwa kwa aina ya kifaa walichonacho, si kwa tarehe ya miadi. Kisha jiulize kuhusu kila mmoja: kifaa hiki kikiachwa miezi mitatu, kitafanya nini?

Mnyororo wa mpira hausumbui sana. Hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake mapema, na baada ya wiki chache umelegea. Springi ya nikeli-titani ni jambo jingine. Huvuta kwa nguvu inayokaribia kuwa ileile kwa muda mrefu, kwa hiyo nafasi itafungwa na jino litaendelea kuvutwa hata pale ulipotaka lisimame. Waya uliopindwa kinyume ili kufungua meno ya mbele yaliyofunikana unaweza kupitiliza, ukamwacha mgonjwa na meno ya mbele yasiyokutana tena. Weka juu ya orodha wenye springi hizo, wenye waya hizo, wenye skrubu ndogo kwenye mfupa, wenye jino lililofichika ndani ya fizi linalovutwa kushuka, na watoto wenye kifaa cha kupanua kaakaa ambao mzazi bado anazungusha skrubu yake.

Hao wapigie wewe, wiki ya kwanza. Kwa kifaa cha kupanua kaakaa, muulize mzazi amezungusha mara ngapi na ulinganishe na ulichoandika kwenye faili. Omba picha za meno yakiwa yameumana, kwa mbele na kwa pande zote mbili. Kama idadi imefika, au huna uhakika na unachokiona, msimamishe. Kifaa kikibaki mdomoni bila kuzungushwa kinashikilia upana uliopatikana, na hilo halina hasara. Asikirudishe nyuma kwa kubahatisha.

Kwa raba zinazovuta taya ya juu na ya chini, kanuni yangu ni nyepesi: kama mgonjwa hawezi kukutumia picha kila baada ya wiki chache, aache kuzivaa. Atachelewa, lakini meno hayatakwenda yasikotakiwa. Wenye maganda ya plastiki, yale yanayovaliwa moja baada ya jingine kupanga meno badala ya vyuma, waendelee na ganda linalokaa vizuri, na wakifika la mwisho walivae hilohilo ili meno yasirudi nyuma. Ganda likipasuka au likipotea, wajaribu lililotangulia. Ndiyo maana kila mgonjwa aambiwe mapema asitupe maganda ya zamani.

Hatua ya 2: Maswali ya usalama kwanza, picha baadaye

Simu ikiingia, hakikisha unaongea na nani. Kama ni mtoto, mzazi au mlezi awepo. Eleza kwamba uchunguzi wa mbali una mipaka yake, pata ridhaa, iandike. Kisha, kabla hujauliza ni nini kimekatika, uliza haya:

- Unapumua vizuri? Kuna kikohozi kilichoanza ghafla au sauti ya mluzi kifuani baada ya kipande kupotea?
- Unameza mate bila shida? Mdomo unafunguka kama kawaida?
- Kuna uvimbe usoni, chini ya taya au shingoni? Una homa?
- Kuna damu isiyokoma baada ya kukandamiza kwa kitambaa safi?
- Umeanguka au kupigwa mdomoni?

"Ndiyo" kwa kukosa pumzi, kushindwa kumeza, au uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, inamaliza mazungumzo ya vyuma. Huyo anaenda hospitali sasa hivi, na wewe unapiga simu kuwaarifu anakuja na kifaa gani mdomoni. Kipande kilichomezwa bila dalili yoyote hakihitaji hofu kubwa, ila mgonjwa aeleze ukubwa na ncha zake. Kama kina ncha kali, ni kirefu, au hujui kama kilienda tumboni au kwenye njia ya hewa, anahitaji eksirei.

Jino la utu uzima likitoka lote kwa ajali, dakika ndizo zinazoamua. Mwambie alishike upande wa taji, asiguse mzizi, alisuuze kidogo likiwa na uchafu, na alirudishe kwenye tundu lake akiweza. Akishindwa, aliweke kwenye maziwa na afike kwa daktari ndani ya saa moja. Jino la utotoni halirudishwi.

Hatua ya 3: Mfundishe kupiga picha

Hapa ndipo huduma ya mbali hufaulu au kushindwa, na wengi wetu tunaharakisha. Picha moja ya giza iliyopigwa kwa kamera ya mbele ya simu haitakuonyesha kama braketi, kile kipande kidogo kinachogandishwa kwenye jino ili kushika waya, imebanduka au imezungukwa na chakula. Tuma maelekezo haya kwa maandishi, mgonjwa ayasome kwa utulivu:

Piga mswaki kwanza. Kaa ukiangalia dirisha lenye mwanga, si kuligeuzia mgongo. Mtu mwingine apige picha kwa kamera ya nyuma ya simu. Osha vijiko viwili, uvitumie kuvuta pembe za mdomo kuelekea nje na kidogo mbele. Futa mate kwa kitambaa. Simu isogee nyuma kidogo, kisha picha ikuzwe baadaye, kwa sababu kamera ikikaribia mno picha hupoteza ukali.

Ninaomba picha tano: mbele, kulia na kushoto meno yakiwa yameumana, halafu safu ya juu na ya chini mdomo ukiwa wazi. Ya sita ni ya mahali panapouma, kidole kikionyesha. Kama shida ni kitu kinachocheza, picha haitoshi. Omba video ya sekunde chache akikisukuma taratibu kwa ncha ya kidole. Nimeona braketi iliyoonekana imara kabisa kwenye picha ikiteleza juu ya waya kwenye video.

Fungua picha zake za zamani uzitazame sambamba na mpya. Bila kulinganisha, utaona meno tu. Ukilinganisha, utaona mwendo.

Hatua ya 4: Muongoze kwa mikono yake mwenyewe

Nta ya meno ndiyo ya kwanza kwa karibu kila kitu kinachokwaruza. Akaushe braketi kwa kitambaa, avingirishe kipande cha ukubwa wa punje ya njegere, akibandike na kukibonyeza mpaka kishike. Nta ikimezwa haina madhara. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, yanatuliza kidonda cha shavuni.

Waya mwembamba uliotoka nyuma ya gego unaweza kurudishwa au kukunjwa kwa kifutio safi cha penseli au nyuma ya kijiko. Mara nyingine waya wote umeteleza upande mmoja, na ukivutwa upande wa pili kwa kibano tatizo linaisha. Kukata ni hatua ya mwisho, na nataka ifanyike mbele yangu kwenye video. Mkataji awe mtu mzima, kikatio cha kucha kiwe kimeoshwa na kupakwa spiriti kisha kukaushwa, mgonjwa ainamishe kichwa mbele, na ncha inayokatwa ishikwe kwa kibano au kitambaa ili isirukie kooni. Waya mnene wa chuma cha pua haukatiki kwa kikatio cha kucha. Ukiutambua kwenye picha, usimruhusu ajaribu. Atang'oa braketi.

Braketi iliyobanduka lakini bado imefungwa kwenye waya iachwe, na nta juu yake. Iliyotoka kabisa itunzwe kwenye kibahasha. Pete ya chuma inayozunguka gego ikilegea inataka uamuzi: kama imeunganishwa na waya wa kaakaani na upande mmoja bado umeshika, hatari ni kukatika usiku na kuvutwa kooni. Huyo simwachi nyumbani, namwita. Waya unaozama kwenye kaakaa au kwenye fizi ni hivyohivyo.

Waya mwembamba wa kushikilia meno, unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele baada ya matibabu, hudharauliwa. Ukibanduka jino moja na kupinda, unaweza kulisukuma jino hilo mahali pabaya. Kama mgonjwa ana kishikizi cha kuvaa, avae kila usiku, na umuone mapema kliniki zikifunguliwa.

Hatua ya 5: Maumivu

Parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito inatosha wengi. Machi 2020 ulienea wasiwasi kuhusu ibuprofeni na UVIKO-19, na Shirika la Afya Duniani likasema halipendekezi kuiepuka. Muulize tu habari za pumu, vidonda vya tumbo, figo na ujauzito. Usiandike antibayotiki kwa ajili ya fizi iliyokwaruzwa na waya.

Hatua ya 6: Ukilazimika kumwita

Uliza dalili za maambukizi kwenye simu, kabla hajatoka nyumbani. Aje peke yake au na mlezi mmoja. Panga kazi isiyorusha ukungu: koleo la kukatia, mikono, pamba za kukaushia. Hewa na maji visitumike kwa pamoja, na gundi iliyobaki kwenye jino isisagwe kwa mashine ya kasi siku hiyo. Fungua madirisha, vaa barakoa ya kuchuja hewa na ngao ya uso. Lengo ni mgonjwa awe salama na asiumie. Kuendeleza matibabu kutasubiri.

Hatua ya 7: Andika, hifadhi, panga foleni

Andika mazungumzo kama ungeandika miadi ya kawaida: saa, aliyekuwepo, ulichoona, ulichoshauri, utampigia lini. Hamishia picha kwenye faili la mgonjwa, kisha zifute kwenye simu yako.

Kila ukimaliza simu, mpe mgonjwa alama moja kati ya tatu: aonwe ndani ya wiki ya kwanza ya kufungua, ndani ya mwezi, au kwa zamu yake. Wale wa springi na waya zilizopindwa kinyume wapigie tena kila baada ya wiki nne hadi sita na uombe picha mpya tano, hata wakisema hawana shida yoyote.