Kukokotoa kwa herufi ndani ya R: somo kwa wanafunzi wa takwimu, Bukavu

Wengi wetu hufungua R, programu ya takwimu, tukiwa tayari na namba mkononi, na kanuni inapotea kabla hatujaona umbo lake. Tuchukulie kwamba umepima mara n muda wa kusubiri teksi pale Nyawera, jumla ya dakika zote ni S, na muda huo unafuata mgawanyo wa eksponenti wenye kasi a. Logarithimu ya uwezekano wa data yako ni n·log(a) − a·S, nasi tunatafuta a inayoifikisha kwenye kilele chake.

Hatua ya kwanza haidai kifurushi chochote, kwa kuwa R yenyewe inajua kutafuta derivativi:

f <- quote(n*log(a) - a*S)
D(f, "a")

Jibu ni n * (1/a) - S. Ukirudia D juu ya jibu hilo utapata -(n * (1/a^2)), ambalo ni hasi kwa kila a, na kwa hiyo kilele ni kimoja tu. Naomba hatua hii isirukwe, maana ndiyo inayokupa haki ya kuendelea.

Hatua ya pili ni kutatua mlinganyo, yaani kutafuta a inayoifanya derivativi iwe sifuri, kazi ambayo D haiifanyi. Sakinisha Ryacas, kifurushi kinachobeba ndani yake injini ya Yacas, programu ya kukokotoa kwa herufi. Ukishakipakua, hakihitaji intaneti tena, na sisi tunaonunua megabaiti kwa kupima tunajua uzito wa jambo hilo.

library(Ryacas)
yac_str("Solve(n/a - S == 0, a)")

Utapata a sawa na n/S, yaani kinyume cha wastani. Kumbuka kwamba Yacas huandika Ln, si log.

Namba ziingie sasa:

eval(quote(n/S), list(n = 12, S = 90))

Hutoka 0.1333333, yaani wastani wa dakika 7.5.

Maswali

Mwalimu, kuna tofauti gani na caracas, kile kifurushi kingine cha R cha kukokotoa kwa herufi?
Caracas hutegemea SymPy, maktaba ya kukokotoa kwa herufi ya lugha ya Python, kwa hiyo lazima Python iwemo kwenye kompyuta yako. Kwa matrisi na integrali ngumu, ninaipendelea.

Mwalimu, nimeandika sum(x*a) ndani ya D, x zikiwa vipimo vyangu, ikakataa.
D hufuata jedwali la vitendo inavyovijua, kama exp, sin na log, na sum haimo. Hapo a inatoka nje ya jumla, na jumla ya x ni S, basi andika a*S.

Na kama a haiwezi kutoka, kwa mfano log(1 + a*x)?
Derivativi ya jumla ni jumla ya derivativi. Tafuta ya kipengele kimoja, kisha ujumlishe ukiwa na x zako na thamani ya a:

d <- D(quote(log(1 + a*x)), "a")
sum(eval(d, list(a = 0.5, x = c(3, 8, 11))))