Ushabti kwenye kabati la kioo: anza na mikono

Ukiingia vyumba vya Misri ya kale, iwe Kairo, Turin au British Museum kule London, watu wote wanakimbilia maiti na majeneza, huku kabati la pembeni limejaa visanamu vya bluu vya urefu wa kiganja na hamna anayesimama. Simama wewe. Hao ni ushabti, vibarua wa marehemu, na kuwasoma wala si kazi.

Uso achana nao, wengi wametoka kwenye kalibu so nyuso zinafanana tu. Tazama mikono. Ikiwa imepishana kifuani imeshika majembe, huyo mtu wa shamba, na kabati likiwa na nafasi zunguka nyuma utaona kamfuko ka mbegu mgongoni. Sasa ukikuta mmoja mkono umelala ubavuni, kavaa nguo za walio hai na ana kiboko, huyo mnyapara! Eti hata ahera kuna wanyapara. Enzi za nasaba ya 21 (ukoo wa watawala wa kama miaka 3,000 iliyopita) seti kamili ilikuwa vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wanyapara 36, kila mmoja na watu wake kama kumi hivi, jumla 401. Farao Tutankhamun wa kabla yao alizikwa na 413.

Halafu shuka kwenye maandishi chini ya mikono. Huhitaji kujua hieroglifu, tafuta kiti cha enzi na jicho vikiwa pamoja, hapo pameandikwa Osiris, mungu wa wafu, na ndivyo walivyomwita marehemu, na mbele yake kwa kawaida kinafuata cheo halafu jina. Yakiwa marefu yamezunguka mwili mzima basi ni yale maagizo ya sura ya 6 ya Kitabu cha Wafu, maandiko ya kumsaidia marehemu ahera, kwamba bwana wako akiitwa kulima, kumwagilia au kubeba mchanga toka mashariki kwenda magharibi, wewe ndo uitike "mimi hapa". Yaani naam ya kudumu.

Rangi nayo inasema. Bluu kali kama mrututu yenye wino mweusi mara nyingi ni nasaba ya 21, wa kuhani mkuu Pinudjem II waliotoka Deir el-Bahari, karibu na Luxor, mwaka 1881 ndo mfano mzuri. Kijani kilichopauka, na nguzo mgongoni na kikalio miguuni, hao ni wa baadaye sana.

Mi nachopenda zaidi ni waliovunjika, msiwaruke. Chungulia pale palipokatika, ndani ni weupe wa chengachenga kama sukari, manake faiensi, yaani kitu walichoundwa nacho, sio udongo wa mfinyanzi, ni mchanga au kwatzi (jiwe gumu) iliyosagwa, chokaa kidogo, shaba ya kutia rangi, na magadi au majivu ya mimea. Ndio, magadi, ndugu wa haya tunayotia kwenye maharage. Kisanamu kikikauka magadi yanapanda juu yanaganda kama ukoko mweupe, kikiingia motoni ukoko unayeyuka unakuwa kioo. Ule mng'ao mara nyingi hawakuupaka, umetoka ndani.