Namna ya kujifunza mifupa ya fuvu kwa vidole na nyuzi tatu

Juzi nilikaa karibu saa nne na kijana wa mwaka wa kwanza aliyewekewa fuvu mezani na kuambiwa ajiandae kuulizwa. Majina yote 22 alikuwa ameyakariri, anayamwaga bila kukwama. Nikagusa kwa njiti kipande kilichoko nyuma kabisa ndani ya tundu la jicho: huu mfupa gani? Kimya. Nikahamia kwenye panja, pembeni mwa kichwa. Kimya. Nikaligeuza fuvu chali na kugusa kibawa kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Akataja vomeri, ule mfupa mwembamba unaogawa pua katikati, kwa sauti ya mtu anayebahatisha.

Mahali pote patatu palikuwa mfupa mmoja, sfenoidi. Sikumcheka, maana na mimi niliwahi kuulizwa hivyo hivyo nikajibu vibaya kuliko yeye. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta fuvu la plastiki la ukubwa halisi, lenye kifuniko cha juu kinachofunguka na taya la chini linalochomoka. Ongeza nyuzi tatu za rangi tofauti, waya mwembamba unaopindika, tochi ndogo na njiti ya ufagio ya kuonyeshea. Kalamu weka mbali. Inaacha alama, na wino ukishaingia kwenye tundu hautoki.

Yako mafuvu ya plastiki ambayo kila mfupa umepakwa rangi yake. Tumia siku moja, kisha achana nayo. Nimeona wanafunzi wanaoujua "ule wa njano" na wanaopotea kabisa wakipewa fuvu jeupe. Programu za simu zinazozungusha fuvu la picha nazo sizipendi kwa mwanzo. Kidole kikiteleza juu ya kioo hakihisi kingo wala shimo, na ukumbusho wa mfupa huanzia kwenye ngozi ya kidole. Zitumie baadaye, kwa marudio.

Kama fuvu ni la mtu kweli, lishike kwa mikono miwili juu ya kitu laini. Usitie vidole kwenye matundu ya macho kulinyanyua, wala usilishike kwa upinde wa kitefute kama mpini wa kikapu. Mfupa wa machozi, ulioko kwenye kona ya ndani ya jicho, ni mwembamba kama karatasi na hauzidi ukucha wa kidole kidogo. Ukivunjika haurudi. Na huyo alikuwa mtu, basi mzaha wa kumvisha miwani na kumpiga picha uache.

Hatua ya 2: Liweke sawa

Ukingo wa chini wa tundu la jicho na ukingo wa juu wa tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja wa mlalo. Mlalo huu ulikubaliwa na wanaanthropolojia huko Frankfurt katika miaka ya 1880, na hadi leo ndio tunaousema tukisema "juu", "chini" na "mbele" ya fuvu. Fuvu likiachwa liegemee kisogo, kila mchoro utakuona mwongo.

Hatua ya 3: Anza na uso wako

Kabla hujagusa plastiki, jiguse mwenyewe. Pitisha kidole kwenye ukingo wa juu wa tundu la jicho, kuanzia kwenye pua kwenda nje. Theluthi ya njia hivi utahisi kibonde kidogo, na ukibonyeza utapata kaumivu ka ajabu. Shuka hadi chini ya jicho, kama sentimita moja chini ya ukingo: hapo pia pana mahali penye kaumivu. Shuka tena hadi kwenye taya la chini, chini ya magego madogo. Sehemu hizi tatu ziko karibu kwenye mstari mmoja wa wima, na katika kila moja neva inatoka ndani ya mfupa kuja kwenye ngozi. Zikumbuke, tutazirudia na nyuzi.

Sasa weka kidole mbele ya sikio ufungue na kufunga mdomo. Kinachocheza hapo ni kichwa cha taya la chini. Nyuma ya sikio kuna nundu, ni ya mfupa wa temporali, ulioko pembeni mwa kichwa penye sikio. Fuata upinde wa kitefute kutoka shavuni hadi sikioni: nusu ya mbele ni ya mfupa wa kitefute, ya nyuma ni ya temporali. Upinde mmoja, mifupa miwili. Watu wengi hawaliamini hili mpaka waone mshono wenyewe, yaani mstari ambapo mifupa hiyo miwili inaungana.

Hatua ya 4: Hesabu

Wengi hufundisha mifupa 8 inayozunguka ubongo na 14 ya uso. Ni sahihi, ila mimi naona haimsaidii mtu mwenye fuvu mkononi. Gawa kwa mifupa pweke na mifupa pacha. Pweke ni 6, yote ikiwa katikati: wa paji, wa kisogo, sfenoidi, ethmoidi (kati ya macho mawili), vomeri na taya la chini. Pacha ni jozi 8: parietali (juu ya kichwa, kulia na kushoto), temporali, taya la juu, kitefute, wa pua, wa machozi, wa kaakaa na konka ya chini ya pua (kijifupa kilichojikunja ndani ya pua). Sita na kumi na sita, 22. Vijifupa vitatu vya kila sikio havimo, na mfupa wa shingoni unaoshika ulimi haumo.

Hatua ya 5: Mishono

Wa mbele, kati ya paji na parietali mbili. Wa katikati, kati ya parietali zenyewe. Wa nyuma, kati ya parietali na kisogo. Wa pembeni, kati ya parietali na temporali. Ukikuta mshono wa ziada katikati ya paji, fuvu lako halina kasoro; baadhi ya watu wazima hubaki nao. Ukikuta vijifupa vidogo vimejipachika ndani ya mshono wa nyuma, navyo ni vya kawaida. Tusonge mbele.

Hatua ya 6: Sfenoidi, na hapa utulie

Tatizo la sfenoidi ni kwamba vitabu vinaionyesha vipande vipande. Kwenye picha ya pembeni unaona kipande cha panja, kwenye picha ya ndani unaona mabawa, kwenye picha ya chini unaona vibawa viwili nyuma ya kaakaa. Akili inahifadhi mifupa mitatu. Mimi nilikaa nayo hivyo muhula mzima, hadi mtu aliponiwekea kiganjani sfenoidi iliyotenganishwa. Ni popo. Kiwiliwili katikati, mabawa madogo mawili juu, mabawa makubwa mawili pembeni, miguu miwili inaning'inia. Ikiwa mahali unaposomea kuna fuvu la Beauchêne, lile ambalo mifupa yake imeachanishwa na kushikiliwa na vyuma, kaa mbele ya huyo popo dakika kumi kabla ya kusoma chochote. Wataalamu wa zamani walipotaka kuachanisha mifupa walijaza fuvu maharage makavu wakayaloweka, yakavimba yakafungua mishono.

Sasa fungua kifuniko, angalia sakafu ya ndani. Ina ngazi tatu, kama ngazi za nyumba: ya mbele iko juu, ya kati chini yake, ya nyuma chini kabisa. Ukingo mkali unaotenganisha ya mbele na ya kati ni bawa dogo. Katikati kuna kiti, kama tandiko la farasi, na humo hukaa tezi ya pituitari, tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo. Sehemu ya mbele ya ngazi ya kati, kulia na kushoto, ni bawa kubwa. Weka kidole gumba ndani, juu ya bawa kubwa, na kidole cha shahada nje, kwenye panja. Umeshika mfupa mmoja pande zote mbili. Usiondoe mkono mpaka hilo likukae.

Kisha matundu. Kwenye kila bawa kubwa kuna matundu matatu yaliyopangika kwa upinde, kutoka mbele kwenda nyuma: rotundamu, ovale, spinosamu. Ovale ndilo kubwa, lina umbo la yai. Spinosamu ni kadogo, nyuma yake kwa nje.

Hapa ndipo saa zangu zilipopotelea. Nilifundishwa kwamba matundu hayo "yanatoka nje", nikaligeuza fuvu chali kuyatafuta upande wa chini. Ovale nikaliona, spinosamu nikaliona, rotundamu halipo. Nikabadilisha fuvu. Halipo. Nikaamini mafuvu yote mawili yana kasoro ya kiwandani. Kumbe rotundamu halitazami chini, linatazama mbele. Ni mfereji mfupi unaoingia kwenye kijishimo kilichojificha kati ya taya la juu na miguu ya popo. Kwa chini huwezi kuliona hata ukiwa na tochi ya mchimba madini. Mulika kwa ndani, kisha chungulia kutoka pembeni, kupitia ule ufa ulio nyuma ya taya la juu. Ukiona mwanga, umelipata.

Tahadhari kabla hujakata tamaa:

- Plastiki za bei ya chini mara nyingi huziba spinosamu, au huliweka kama kidoti tu. Usitoboe kwa msumari. Niliwahi kutoboa, nikatokea mahali ambapo binadamu hana tundu.
- Karibu na kiwiliwili, upande wa chini, kuna tundu lenye kingo zilizochanika, laserumu. Kila mwanafunzi hupenda kulipitishia uzi kwa sababu linaonekana vizuri. Kwa mtu aliye hai chini yake limezibwa na gegedu, na ateri ya karotidi ya ndani, inayopeleka damu kwenye ubongo, inapita juu yake, hailipiti kama mlango.
- Usitafute mshono kati ya sfenoidi na kisogo kwenye fuvu la mtu mzima. Mifupa hiyo miwili huungana katika umri wa ujana. Ukikuta sfenoidi imetenganishwa, hapo ilikatwa kwa msumeno.

Sasa nyuzi. Funga kila uzi kwenye ncha ya waya ili uweze kuuongoza.

Uzi wa kwanza upitishe kwenye ufa ulioko kati ya bawa dogo na bawa kubwa. Utatokea ndani ya tundu la jicho. Uvute juu, utokee kwenye kile kibonde cha ukingo wa juu.

Uzi wa pili ni wa rotundamu. Unaingia kwenye kijishimo, unageukia ufa wa chini wa tundu la jicho, unalala kwenye mfereji wa sakafu yake, unatoka chini ya jicho. Waya utakataa mara kadhaa kwenye kona. Pinda ncha yake kidogo, ingiza kwa upole, na ukikwama anza upya kutokea mbele kwenda nyuma, ni rahisi zaidi.

Uzi wa tatu ni wa ovale. Unashuka moja kwa moja, unaingia kwenye tundu lililoko upande wa ndani wa taya la chini, unapita chini ya mizizi ya meno, unatokea kidevuni kwenye lile tundu la chini ya magego madogo.

Angalia ulipofika. Nyuzi tatu zimetoka katika sehemu zilezile tatu ulizobonyeza usoni mwako. Ni matawi matatu ya neva moja, ya tano kati ya neva za kichwa, inayohisi uso. Yule kijana alipoona uzi wa tatu umechomoza kidevuni alijigusa kidevu bila kujua.

Spinosamu halina uzi kwenye mchezo huu kwa sababu kinachopita humo ni ateri, inayopanda kwenda kwenye utando wa ubongo. Fuata kwa njiti mfuo wake kwenye ukuta wa ndani. Utakupeleka panjani, mahali ambapo paji, parietali, temporali na sfenoidi hukutana, na ambapo mfupa ni mwembamba. Pigo la hapo linaweza kuichana ateri hiyo na damu ikaanza kuubana ubongo, hata kama nje huoni jeraha la maana.

Hatua ya 7: Tundu la jicho

Mifupa 7: paji juu, kitefute nje, taya la juu chini, machozi na ethmoidi ndani, sfenoidi nyuma, na kijipande cha kaakaa kwenye kona ya nyuma kabisa, ambacho utahitaji tochi kukiona. Ukuta wa ndani na sakafu ndio dhaifu. Ukimulika fuvu halisi kutokea upande mwingine, ethmoidi hupitisha mwanga.

Hatua ya 8: Taya la chini

Umeshapita humo na uzi. Ongeza kujua kwamba lina vichomozi viwili kila upande: cha nyuma kinaungana na temporali, cha mbele kinashikwa na msuli wa panja. Basi.

Hatua ya 9: Jipime

Jifunge kitambaa machoni. Mwenzako aweke kidole chako mahali popote kwenye fuvu, wewe utaje mfupa, na mifupa inayopakana nao. Ukifikisha kumi bila kosa, omba akupeleke kwenye sfenoidi mara tatu, kila mara kwa upande tofauti, bila kukwambia.

Na ikiwa umeosha mikono vizuri, ingiza kidole mdomoni, nyuma ya gego la mwisho la juu, upande wa ndani. Utahisi kijincha kigumu chini ya nyama laini. Hiyo ni ndoana iliyoko mwisho wa mguu wa popo wako.