Kusoma si kazi ya mwalimu wa Kifaransa peke yake

Mwanafunzi wa mwaka wa 7 wa shule hapa Lubumbashi, Kongo, huongea Kiswahili nyumbani na uwanjani, kisha biolojia, historia na hesabu humjia kwa Kifaransa. Alama zikishuka, huongezewa saa za Kifaransa. Walimu, kabla ya kuziongeza, jueni anakwama wapi.

Chagueni maandishi ya maneno kama 200 kutoka kitabu cha historia cha mwaka huo. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti dakika 1, pembeni na mwalimu, si mbele ya wenzake. Hesabuni maneno aliyoyasoma sawasawa. Amalizie kimya, kisha aeleze kwa Kiswahili alichosoma. Mkimtaka aeleze kwa Kifaransa mtapima kuongea, si kuelewa. Wanafunzi 60 wakigawanywa kwa walimu 3, kazi huisha asubuhi moja.

Mtapata makundi mawili, na dawa zao hazifanani.

La kwanza hukwama kwenye herufi. Kiswahili kina irabu 5 tu, kwa hiyo "rue" (barabara) na "roue" (gurudumu) huwasikikia neno moja, na katika "ils parlent" (wanaongea) hutamka ile "-ent" ya mwisho ambayo haitamkwi. Wapeni dakika 20 mara 3 kwa wiki: wawili wawili, aya ileile ya mistari 8, warudie mara 3 au 4, mwalimu akipita kusahihisha sauti mbili tu kwa siku. Kumsomesha mmoja huku 59 wakingoja zamu si zoezi, ni usingizi.

Kundi la pili ndilo huwadanganya walimu. Husoma haraka, kwa madaha, lakini hawawezi kusema aya inahusu nini. Hawa ni wa walimu wote. Anayefundisha kemia ya shaba aandike ubaoni maneno 5 kabla ya kusoma, si 15: "minerai" (mawe ya madini), "extraire" (kutoa), "dissoudre" (kuyeyusha), pamoja na "cependant" (hata hivyo) na "sauf" (isipokuwa), kwa sababu vijineno hivi viwili hugeuza maana ya sentensi nzima na kila mwalimu hudhani mwenzake ameshavifundisha. Kisha wasome kimya, wasimame kila aya: sentensi 1 kwa Kiswahili kwa jirani, sentensi 1 kwa Kifaransa daftarini.

Kinachoua mpango huu ni imla ya noti. Mwalimu akishaeleza yote kisha akasoma noti ziandikwe, nani atafungua kitabu? Ni kweli vitabu havitoshi. Basi toeni fotokopi ya ukurasa 1 kwa kila wanafunzi 3, au andikeni ubaoni kabla ya kengele, na noti wazitoe wenyewe. Mwanzoni zitakuwa mbovu. Sahihisheni daftari 10 kila wiki, kwa zamu.

Vitabu vilivyopo prefe, yaani mkuu wa shule, asivifungie ofisini: viwekwe kwenye katoni darasani, na mwanafunzi mmoja ashike daftari la kuazima. Vitachakaa, na iwe hivyo.

Baada ya wiki 8 pimeni tena, kwa maandishi mengine ya ugumu uleule. Yale ya kwanza watakuwa wameshayakariri.